Kivuli cha Yasmini Fupi

Wawira alipanda yasmini yake Jumanne moja ya Aprili, baada ya mvua ya kwanza, hatua nne kutoka mlango wa jikoni huko Bahati. Alichimba shimo, akachanganya udongo na samadi ya mbuzi, akautoa mmea kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ulioshika kutu. Mmea ulikuwa wa marehemu mama yake. Mama aliung'oa Elburgon mwaka waliohama, akahama nao kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine kwa miaka thelathini, na muda wote huo haukutoa ua hata moja. Ulikuwa wa ile aina fupi isiyopita magoti.

Mwaka wa pili ulichanua. Maua yalikuwa meupe, madogo kama vifungo vya shati, na harufu yake ilifika barabarani. Siku hiyohiyo, saa kumi jioni, kivuli chake kilianguka uani kikiwa kivuli cha nyumba ya Elburgon.

Ilikuwa nyumba nzima: paa la mabati, bomba la moshi, tangi la maji, na ngazi tatu ambazo baba yao Muturi, mpasua mbao, alizipigilia misumari mwenyewe. Ndani ya kivuli kulikuwa na baridi ya Elburgon, kwa hiyo Wawira alivaa sweta. Kivuli cha mama yake kilianika nguo, kikainama, kikaanika tena. Wawira alileta kigoda akaketi palipokuwa sebule. Alikaa hapo kila jioni wiki nzima, akimenya njegere na kumtazama mama.

Jirani yake Chepngeno alikuja kulalamika.

"Mama Shiko, hiyo nyumba yenu inanizibia jua. Mahindi yangu haikauki."

"Pole. Nitaipunguza."

Akachukua makasi, akakata matawi mawili. Banda la ng'ombe na choo vikatoweka, na mahindi ya Chepngeno yakapata jua.

Jumamosi, kivuli cha mwanamume kiliingia chumba cha wazazi. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Kilipiga magoti, kikafungua sanduku, kikatoa karatasi na kuificha ndani ya koti. Nje, kivuli cha msichana kilikuwa kikipasua kuni, kimeipa nyumba mgongo.

Msichana alikuwa Jerop, aliyekuwa akiwasaidia kazi za nyumbani. Hati ya shamba ilipopotea, Jerop ndiye aliyeitwa mwizi akafukuzwa. Baadaye shamba liliuzwa, na mnunuzi akaja na tingatinga. Wawira alikuwa na miaka kumi na mitano, na yeye ndiye aliyetumwa kupekua mfuko wa Jerop. Alikuta nguo, kitana, na barua kutoka kwa mama yake Jerop.

Mwanamume alikuwa Naftaly, kaka yake Wawira. Bega lile liliangukiwa na gogo akiwa kijana.

Wawira aliweka njegere chini. Kesho yake akawapigia simu wote wawili, akawaalika chai Jumamosi.

Jerop alitoka Njoro, nywele zimejaa mvi. Aliingia kivulini kupitia mlango wa jikoni, akasimama.

"Niliacha maharagwe kwa moto," alisema. "Sijui nani aliyaepua."

Naftaly alifika na Biblia yake, akapewa kiti. Walipokuwa wakinywa chai, kivuli kile kiliingia, kikapiga magoti, kikafungua sanduku. Wote watatu walikitazama mpaka mwisho.

"Ni wewe," Wawira alisema.

Naftaly alipuliza chai yake. "Hiyo maua imezidi. Inataka kukatwa."

"Mzee Naftaly," Jerop alisema, "mimi sitaki shamba. Nilifutwa jina kanisani Elburgon mwaka ule. Pasta anasema watalirudisha mkiandika barua. Wewe ni mzee wa kanisa. Andika tu."

"Niandike niliona wapi? Kwa kivuli?"

Alimaliza chai, akaombea boma lile maombi mafupi, akashukuru. Aliondoka kupitia mlango wa mbele, akiinamisha kichwa, kwa kuwa mlango ule ulikuwa mfupi tangu zamani.

Jua lilikuwa linashuka na nyumba ilikuwa ikirefuka, imeshapita uzio.

"Jerop, ni mimi niliyepekua mfuko wako."

"Najua. Ulikunja nguo vizuri ukazirudisha."

Wawira alilia kidogo. Jerop alivuta kigoda akaketi karibu naye, akachukua njegere zilizobaki, wakamenya pamoja mpaka baridi ikaisha.

Siku hizi, msimu wa maua, Jerop huja kila Jumamosi. Huketi palipokuwa jikoni. Wawira aliandika barua mwenyewe, akaitia sahihi, akaipeleka Elburgon. Kikao cha wazee wa kanisa kiliipokea na kumkabidhi mzee Naftaly aishughulikie.

Kila Januari Naftaly husimama mbele ya kanisa na kusoma majina ya waumini wote kwa mpangilio wa alfabeti, polepole, kwa sauti nzuri. Akitoka kwa Jepkemoi huenda moja kwa moja kwa Joseph.