Mtu wa Kupima Maji

Mwaka wa 1968, mikono yangu ilipoanza kufa ganzi, sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mimi ni Kadija, mkandaji wa Bondeni hapa Nakuru, na mkandaji asiyesikia vidole vyake afadhali auze maandazi. Siku moja nilikuwa namkanda Mugure, mke wa fundi wa reli, ambaye mgongo ulimsumbua tangu ajifungue mtoto wa pili. Mara akapiga yowe.

"Bi Kadija, unaniua!"

"Nyamaza, hiyo ndiyo dawa yenyewe!" nikamkaripia.

Uongo mtupu. Nilikuwa nimembonyeza mno kwa sababu sikuusikia mgongo wake hata kidogo. Vidole viko pale, naviona, lakini ni kama vya mtu mwingine.

Niseme wazi, msije mkanihurumia kwa jambo silo. Njaa sikuiogopa, marehemu baba aliniachia nyumba, na chumba cha mbele nakipangisha kama stoo ya mahindi. Nilichoogopa ni kimya. Mlango wangu hubishwa na wanaoumwa tu. Wanaingia, wanalala kwenye mkeka, nawakanda, wanasema asante, wanakwenda zao. Hakuna aliyewahi kuja kunitazama tu. Mume wa kwanza aliniacha kwa kuwa sikuzaa. Wa pili alipeleka lori la kuchukua mbao Elburgon, akapata mke huko huko, sijamwona tena. Dada yangu, wa tumbo moja, tulishamzika Mombasa. Sasa mikono nayo ikifa, nani atabisha hodi? Hilo ndilo lililonikausha mate.

Dispensari walinibonyeza vidole wakasema ni umri. Umri! Vidonge vyao niliwaachia pale pale mezani. Basi nikaamua kuwazungukia waganga wenzangu, ambao miaka yote nilikuwa nikiwacheka.

Nilianza na Chemutai, mama wa kutoka upande wa Elburgon, aliyekuja sokoni na magunia ya magome na mizizi ya msitu wa Mau. Nilizoea kumpita nimeinua pua. Hakunikumbusha hilo. Aliniuliza mama yangu alikufa na ugonjwa gani, na baridi ya asubuhi hunikuta nikifanya nini. Kwake yeye ugonjwa huingia na baridi, na hutoka na jasho. Akanifungia majani na magome kwenye gazeti.

"Chemsha mpaka maji yawe mekundu," akasema. "Ujifunike blanketi, mvuke ukuingie. Halafu mtu wako apime maji kwa mkono wake, akuoshe nayo, akusugue kutoka bega mpaka kucha."

"Mtu gani?"

"Mtu wako wa nyumbani." Akanishangaa. "Kwani wewe unakaa na nani?"

"Nakaa na watu," nikasema, nikanyakua dawa yangu nikaondoka.

Nyumbani nilijifunika blanketi mwenyewe. Likawa linateleza, nikalishika kwa meno. Mtu mzima na akili zangu, nimeinamia sufuria, blanketi mdomoni! Nikacheka. Kisha nikaona kicheko chenyewe hakina wa kukipokea, nikanyamaza. Nikatumbukiza mikono. Kwa kuwa sikusikia moto, nilidhani maji yamepoa, nikaiacha humo nikisoma Fatiha taratibu. Nilipoitoa ilikuwa imejaa malengelenge.

Hapo ndipo nilipolia. Si kwa maumivu, hayo hayakuwepo. Nililia kwa sababu kazi ndogo kama ile, kutia kidole majini na kusema "ngoja, bado ni ya moto", haikuwa na mtu wa kuifanya nyumbani kwangu.

Malengelenge yalipokauka nikaenda kwa Maalim Shariff, nyuma ya msikiti. Kwake yeye ugonjwa ni jicho la mtu, au ni damu iliyolala. Anakusomea, anakupulizia, halafu anakupiga chuku: anachanja kidogo na kuinyonya damu mbovu kwa pembe ya ng'ombe. Nilikuwa tayari kuchanjwa popote.

"Nitaisomea, inshallah," alisema, macho yakiwa chini. "Lakini wewe ni mwanamke, Bi Kadija, na mke wangu kaenda matangani Naivasha. Njoo na ndugu yako. Hata jirani atafaa, akae nawe hapa."

"Nitakuja naye Ijumaa, Maalim."

Ijumaa ilifika, ikapita. Jirani ningeweza kumwomba, kweli. Lakini kuomba! Mimi ni wa kuombwa, wanangu, tangu nilipoijua kazi hii. Nikajifungia ndani siku nzima, Maalim asije akaniona barabarani nikiwa peke yangu.

Akabaki Navin. Huyu alikuwa na duka la vitambaa, na saa za jioni aliingia chumba cha nyuma akatibu watu kwa vidonge vidogo vyeupe, vitamu kama sukari. Mimi ndiye niliyetangaza Bondeni nzima kwamba ni peremende. Ajabu ni kwamba hata mikono hakutaka kuiona kwanza. Alitaka kunijua mimi. Napenda chumvi au sukari? Naota nini? Nikiwa na huzuni, nataka watu au nataka niachwe? Nalala vipi? Nani huja kunitembelea?

Ebo! Mhindi wa vitambaa anipekue hivyo? Nikamjibu kwa madaha. Nalala fofofo. Nyumba yangu haikauki wageni. Dada yangu hutoka Mombasa kila mara, tunacheka mpaka majirani wanalalamika. Huzuni? Huzuni naisikia kwa watu. Nilisema kwa utamu mpaka nikamwonea wivu huyo Kadija niliyekuwa nikimsema.

Navin alisikiliza yote, akafikiri, akanipa kichupa. Nilimung'unya vile vidonge mpaka vikaisha. Mikono ikabaki vile vile. Na mji huu hauna siri. Aliyekuja kukandwa wiki hii hakuonekana wiki iliyofuata. Nikawa nakaa kizingitini nikiitazama migongo ya watu ikipita, najua huyu anaumwa wapi na yule anaumwa wapi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Nikamrudia Navin nimefura.

"Peremende zako hazikunisaidia kitu!"

Hakukasirika. Alikuwa anapanga vitambaa kwenye masanduku. Mwaka ule Wahindi wengi walikuwa wakihamia Uingereza, na rafu zake zilikuwa nusu tupu.

"Mama," akasema, "mimi sina mashine ya kupima mtu. Nina maneno yako tu. Ukinipa maneno ya mwanamke mwingine, dawa itakuwa ya huyo mwanamke mwingine."

Nilifungua mdomo nimtukane. Tusi likagoma kutoka.

"Silali," nikasema. "Dada yangu amekufa. Haji mtu kwangu ila anayeumwa, na sasa hata hao hawaji."

"Tangu lini?"

"Mikono?"

"Hapana. Tangu lini haji mtu?"

"Tangu zamani," nikasema.

Alivuta sanduku akanikalisha. Hakusema pole, nami nikamshukuru kwa hilo, maana pole ingenimaliza. Aliuliza maswali yale yale tena, polepole, na safari hii nilimjibu kama mambo yalivyo. Lilikuwa jambo gumu, wallahi. Kuchanjwa kungekuwa nafuu. Mwishowe akatafuta kichupa kingine ndani ya kabati.

"Itapona?" nikauliza.

"Mimi sijui, mama. Ukitaka nikudanganye, naweza."

"Usinidanganye. Kwa kazi hiyo natosha mwenyewe."

Akacheka, nami nikacheka, halafu nikaenda nyumbani.

Kesho yake jioni nikasikia hodi. Alikuwa Mugure, mtoto mgongoni, mkono kiunoni.

"Bi Kadija, ule mgongo umenirudia."

Angekuwa ni yule Kadija wa zamani, angesema ana mafua, ana safari, ana wageni.

"Leo sikuwezi, Mugure," nikasema. "Mikono yangu imekufa. Haisikii kitu. Sijui kama itapona."

"Woi! Pole sana." Alinitazama mikono, akarudi nyuma hatua moja, kama watu wanavyofanya wakiona ugonjwa wasioujua. "Basi nitakuja ukipata nafuu."

Akageuka. Akavuka kizingiti. Nikauona ule mgongo ukienda, na nikajua kabisa kwamba nikiuacha uende, ndio basi. Nimefukuza watu wengi kwa ulimi huu. Kumwita mtu abaki sikuwa nimewahi.

"Mugure, usiende!"

Akasimama.

"Sina la kukufanyia," nikasema. "Dawa sina, mikono sina. Kaa tu na mimi. Naogopa kuwa peke yangu."

Aibu gani ile! Uso wote uliwaka. Mugure alitazama jua linavyoshuka upande wa Mau, akatazama alikotoka.

"Nimemwacha mkubwa kwa jirani," akasema. Kisha akavua viatu, akaingia, akamfungua mtoto mgongoni na kukaa kwenye mkeka. Kukaa, si kulala.

Akaupanga upindo wa leso yake, mimi nikakohoa. Mgongo wake naujua kuliko mumewe: kile kifundo chini ya bega la kushoto, ule uti unaopinda kidogo kiunoni. Lakini kwao ni wapi, sikujua. Mama yake yu hai au la, sikujua. Miaka yote nilidhani wao ndio hawakuuliza.

"Huyu mtoto," nikasema, "mlimwita nani?"