Mechi ya Hisani Moseley

Kowsar alizaliwa Garissa, akakulia Uholanzi, na huko ndiko alikojifunza tenisi pamoja na Marloes. Walicheza klabu moja hadi siku Marloes alipomwambia kocha kwamba Kowsar ameiba mkufu wake. Kowsar akafukuzwa bila kosa. Marloes akapanda ngazi mpaka akawa bingwa, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumpenda kama mtoto wao.

Basi klabu ndogo ya tenisi ya mtaa wa Moseley, ambako sasa Kowsar alikuwa mwalimu, ilipomwalika bingwa huyo kwa mechi ya hisani, Kowsar alijitolea kucheza naye. Miaka mingi ilikuwa imepita, na Marloes hakumtambua.

Watazamaji walitarajia mzaha. Kowsar alijua goti la Marloes ni bovu. Akawa anaudondosha mpira karibu na wavu, kisha anaupeleka nyuma kabisa, tena na tena, mpaka mwenzake akaanza kuchechemea.

"Taratibu, Kowsar. Huyu ni mgeni wetu," mwenyekiti alimnong'oneza walipopumzika.

"Ni mgeni wenu," Kowsar alijibu, akarudi uwanjani.

Alishinda bila huruma. Walipopeana mikono, Marloes alimkazia macho, uso ukambadilika. "Kumbe ni wewe," alisema kwa Kiholanzi.

"Mkufu uliupata?"

Marloes aliuachia mkono wake. Umati ulikuwa umesimama ukimshangilia yeye, aliyeshindwa, na foleni ya kutaka saini yake ilishafika langoni. Kowsar hakujali. Alikaa kwenye benchi akanywa maji polepole, akimtazama bingwa akitia saini huku ameegemea mguu mmoja.