Tosta ya Wifi

Wivu hauchagui. Mwenzenu fundi cherehani alikuwa anaionea wivu tosta! Eti tosta, kidude cha kuchomea mkate.

Ililetwa na wifi yake, dada wa mume, aliyesema anakuja siku mbili tatu na sasa hata paka wa nyumba anamfuata yeye. Kila asubuhi wifi anatumbukiza slesi mbili, anabonya, kidogo tu, paa! Zinaruka zimeiva. Mume, kinyozi mtu mzima na ndevu zake, anapiga makofi kama yuko kwenye mazingaombwe.

"Dada, wewe mkali!"

"Mambo ya kisasa, kaka. Siyo mtu ameinamia kikaango mpaka nywele zinanuka moshi."

Fundi alicheka, kicheko kikaishia menoni. Tangu aolewe, mkate wa asubuhi ulikuwa wake. Anapaka siagi pande zote mbili, anaukandamiza kwenye kikaango kwa kitako cha kikombe mpaka unalia chwiii. Mume alikuwa anakuja nyuma yake, kidevu begani, ananusa. Siku hizi anakaa mezani na dada yake wanakumbushana ya utotoni, mke anamimina chai tu kama mhudumu wa hoteli. Roho ilimuuma mpaka akashona mkono wa gauni la mteja nje ndani.

Basi siku moja akawahi kuamka. Kama ni kubonya, nani hana kidole? Amuulize wifi? Thubutu! Akapaka siagi yake pande zote mbili, nene, kama alivyozoea. Akatumbukiza. Akabonya.

Tosta ikalia chwiii. Akatabasamu. Kumbe siagi inachuruzika kwenye nyaya zilizowaka nyekundu! Moshi ukapanda, jikoni kukawa hakuonekani.

Wifi akaingia mbio, akachomoa waya ukutani. "Wee wifi! Umetia nini humu?"

"Mkate."

"Na siagi?!"

"Sasa mkate bila siagi si kadibodi?"

"Siagi inapakwa ukishatoka, mama! Ngoja kaka aamke, leo atacheka mpaka agaegae."

"Wifi, nakuomba, usimwambie."

"Nimwambie nini, kwani pua hana?"

Ni kweli, pua anayo. Kinyozi alitokea na taulo begani, macho nusu yamefumba, anafuata harufu. Dada yake alikuwa upande wa pili wa friji, kinyozi hakumwona.

"Siagi! Mke wangu, umekirudia kikaango? Jamani nilivyokuwa na hamu! Ule mkavu wa tosta naumaliza tu, nisimvunje dada moyo."

Wifi kaikumbatia tosta yake, mdomo wazi.

Fundi angeweza kucheka sasa hivi, cheko la kusikika mtaa wa pili. Badala yake akashusha kikaango kutoka kwenye rafu.

"Kipande cha kwanza kimeungua. Kaa, nakuchomea kingine."

Mume hakukaa. Akaja nyuma yake, kidevu begani. Wifi akawatazama, akaifuta tosta, akaifuta tena palepale palipokwisha kung'aa.

"Wifi," akasema mwishowe, sauti ya chini. "Na mimi niwekee. Pande mbili."

Akamwekea, kwa nini amnyime? Ila kikombe cha kukandamizia hakukiachia, hata wifi aliponyoosha mkono amsaidie.