Mkono wa Wagdi

Ustadhi Shawkat alifunga mlango wa darasa, akashusha sauti kama mtu anayepanga kuiba.

"Kesho mkaguzi anakuja. Akiuliza swali, darasa zima mikono juu. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, ustadhi!"

Wagdi, dawati la mwisho, hakuitikia. Mkono wake wa kulia haujawahi kuinuka tangu azaliwe. Umelala mapajani, umekunjika, kama mzigo wa mtu mwingine alioambiwa amshikie. Mguu wa upande huo anauburuta, na maneno yanamtoka polepole. Kichwa lakini kizima, tena moto.

"Ustadhi, na mimi je?"

"Wewe tulia tu. Usituharibie."

Atulie! Na huyo mkaguzi anakuja kwa ajili yake! Ustadhi alishajaza fomu: mtoto hashiriki, haelewi, ahamishiwe shule ya walemavu. Kule mtoto anafundishwa kufuma mazulia mpaka anaota ndevu. Mama yake, Bi Ikram, ameenda kwa mkuu wa shule mara sita kupinga. Mkaguzi akisaini, kwisha habari.

Kesho yake mkaguzi akaja na tumbo lake na faili lake, akakaa nyuma, karibu kabisa na Wagdi. Harufu ya kolonya mpaka kooni.

"Tangu bwawa kubwa lijengwe Aswan," akauliza, "mashamba ya huku Delta yamekosa nini?"

Mikono arobaini na tatu juu. Wagdi naye akainua wa kwake, wa kushoto, akaunyoosha mpaka kwapa likauma. Swali lenyewe la kwao! Mjomba wake, mkulima, kila msimu analalamikia hilo hilo.

Ustadhi macho yakampita kama anatazama ukuta. "Tawfik!"

Tawfik akajibu. Swali la pili, Tawfik. La tatu, Mina. Wagdi mkono juu muda wote.

"Na huyu?" mkaguzi akamnyooshea kalamu.

"Ah, huyo ni mmoja wa wale wa elimu jumuishi, bwana," ustadhi akacheka. "Anainua tu akiona wenzake wanainua. Maskini, ana moyo mzuri."

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua faili.

Ile "maskini" ndiyo iliyomchoma. Wagdi akajisukuma juu, dawati likapiga kelele.

"U-na-danganywa."

"Kaa chini, wewe!"

"Sikai! Wa kulia wanajua. Wa kushoto hawajui. Ustadhi alitufundisha jana. Muulize Samih, ameinua kushoto."

Mkaguzi akamgeukia Samih. "Haya, mashamba yamekosa nini?"

"Ee... maji?" Samih akasema. Mtu akacheka chini chini.

"Tope," Wagdi akasema. Lilimchukua muda, na safari hii walilazimika kumsubiri. "Tope la Nile. Lilikuwa linaleta rutuba. Sasa linabaki nyuma ya bwawa, watu wanamwaga mbolea. Mimi nina mkono mmoja tu wa kuinua, bwana. Huu. Andika hivyo."

Unadhani mkaguzi aliona aibu? Alitabasamu kidogo. Hata yeye alikuwa mwalimu miaka ishirini, ujanja huo anaujua vizuri. Akakata maneno ya ustadhi kwenye fomu, akaandika: anabaki. Chini yake akaongeza: hana adabu.

Wagdi akasoma yote mawili. Hakusema asante. Asante ya nini?

Asubuhi iliyofuata ustadhi aliingia bila salamu. Akaandika swali ubaoni. "Nani anajua?"

Mkono mmoja tu uliinuka, wa kushoto, nyuma kabisa.

Ustadhi akatazama dirisha. Akatazama saa. "Hakuna?"

Mkono ukachoka. Wagdi akauegemeza kichwani, ukabaki juu.

"Shusha, Wagdi."

"Sishushi. Najua jibu."

"Ustadhi, muulize basi," Samih akasema. "Tutakaa hapa mpaka lini?"

Ustadhi akameza mate kama dawa chungu. "Haya. Sema."

Na Wagdi akasema, polepole, makusudi polepole kuliko kawaida yake.