Shangazi wa Kidato cha Sita

Hakuna aliyeshangaa Robi Waitara alipochaguliwa kuwa dada mkuu. Alikuwa na sauti iliyofika mwisho wa uwanja bila kupaazwa, na alikuwa na tabia ya kumaliza alichokianza. Shida ni kwamba, katika shule ile ya wasichana iliyoko nje kidogo ya mji wa Tarime, dada mkuu hakuvaa beji kwa ajili ya kutembea nayo tu. Yeye ndiye aliyegonga kengele ya alfajiri, akapanga zamu za maji na za usafi wa mabweni, akawahesabu wenzake kabla ya masomo ya jioni, akawapokea wageni wa Jumapili, na akaiongoza kwaya kila mwalimu wa kwaya alipokosekana. Naye mwalimu huyo alikosekana mara nyingi. Juu ya hayo yote, Robi alikuwa kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa Mei.

Robi alitaka kusomea shahada ya uuguzi. Mwalimu wa Kemia, Theodosia, aliyeletwa na serikali kutoka Bukoba na ambaye hakuwa na desturi ya kuzungusha maneno, alikuwa amemweleza jambo hilo kwa ufupi: chuo alichokitaka kilidai C ya Kemia. Mwenye D angesikitikiwa, lakini asingepokelewa.

Hata hivyo, mzigo uliomwelemea Robi haukuwa kengele, wala kwaya, wala Kemia yenyewe. Mzigo uliomwelemea ulikuwa shangazi yake.

Mzee Machage wa kijiji cha Susuni, babu yake Robi, alioa wake watatu. Mke mkubwa alimzaa Waitara, baba yake Robi. Mke wa tatu, aliyeingia bomani Waitara akiwa amekwisha kuota ndevu, alimzaa kitindamimba wa mzee, Veronika Gati. Robi na Gati walizaliwa mwaka mmoja. Robi alitangulia masika, Gati akafuata vuli. Walichunga ndama pamoja na kunyang'anyana mahindi ya kuchoma pamoja. Lakini Gati alikuwa dada wa baba, na dada wa baba ni baba aliyevaa gauni. Nyumbani, Robi alimwamkia shikamoo na kumpisha kigoda. Hakumtuma maji wala kuni, kwa maana mtu hamtumi shangazi yake. Shangazi ndiye anayemtuma mtu.

Sasa wote wawili walikuwa darasa moja, bweni moja, kitanda cha juu na kitanda cha chini.

"Shikamoo, shangazi," Robi alisema kila asubuhi, akiwa amesimama kando ya kitanda.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Kengele imekwisha kulia, na zamu ya maji ni yako."

"Maji gani na baridi hii?" Gati alijibu kutoka ndani ya blanketi. "Mgongo wa shangazi yako unauma, mwanangu."

"Mgongo wa miaka tisini huo!" akadakia Naomi, binti wa nesi mmoja wa mtaa wa Bomani mjini, aliyekuwa kiranja wa bweni. "Dada mkuu, mwandike huyo kwenye wakosaji! Mimi jana nilichelewa kidogo tu, ukaniandika."

Wasichana walicheka, na Robi naye alijitia kucheka. Kisha alichukua ndoo ya shangazi yake akaenda bombani, akirudi alifagia sehemu ya shangazi yake, na jioni, Gati alipojilaza badala ya kuja darasani, Robi alimhesabu miongoni mwa waliokuwapo. Alijiambia kwamba hiyo ndiyo heshima. Hakuona kwamba heshima ile ilikuwa ikila saa za Kemia, kama mchwa alavyo nguzo kwa ndani huku rangi ya nje ikibaki nzuri.

Matokeo ya mtihani wa utamilifu, ule wa kujipima kabla ya wa taifa, yalipobandikwa, Robi alikuwa na E ya Kemia. Mwalimu Theodosia alimwita maabara.

"Akili unayo," alisema mwalimu. "Nimekufundisha tangu kidato cha tano, kwa hiyo usiniambie kwamba huna. Una nini?"

Robi alitazama sakafu. "Ni shangazi yangu, mwalimu."

"Anaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Yuko darasani."

Mwalimu Theodosia alivua miwani. Ilimlazimu Robi amweleze boma zima la Mzee Machage, mke kwa mke, mpaka mwalimu akaelewa.

"Hata kwetu wapo mashangazi," alisema hatimaye, "tena wakali. Ila wa kwetu hawalali kitanda cha juu yangu. Sikiliza, Robi. Nakupa wiki moja. Ikiisha bado unamchotea mtu mzima maji, nitamwomba mkuu wa shule akuvue udada mkuu, ampe Naomi, ili wewe usome."

Msichana mwingine angeshukuru. Robi hakushukuru, kwa kuwa alijua yatakayofuata. Naomi hana ujamaa na Gati. Angemwandika siku ya kwanza. Gati, aliyekwisha kuonywa mara mbili kidato cha tano, angerudishwa nyumbani mtihani ukiwa mlangoni. Halafu bomani Susuni pangeulizwa swali moja tu: mtoto wa kaka yake alikuwa wapi shangazi alipokuwa akiaibishwa? Akiendelea kumfichia, anaikosa C. Akiacha, anamfukuzisha shangazi yake shule. Njia ya tatu hakuiona.

Jumapili alikuja mama yake, Eunice, amebeba mkungu wa ndizi mbivu na karanga za kukaanga. Robi alimweleza yote chini ya paa la jikoni, mahali wageni walipokaa.

"Shangazi haandikwi," alisema Eunice, kama mtu anayesema kwamba maji hayapandi mlima. "Baba yako asingekuelewa. Babu yako ndiye kabisa."

"Basi nifanyeje?"

"Mimi niliolewa tu katika boma lile, sheria zao nilizikuta." Eunice alisukuma ndizi mbele ya binti yake. "Kula kwanza, mama. Nikirudi na kusema kwamba umekonda, babu yako ataniuliza ninamfanyia nini mama yake."

Robi alianza kumenya ndizi, kisha mkono ukasimama.

Maneno yale alikuwa ameyasikia tangu utotoni, na kwa kuyasikia mno alikuwa ameacha kuyasikiliza. Robi lilikuwa jina la mama yake Mzee Machage, mwanamke aliyelishika boma lile peke yake baada ya kufiwa na mume. Mtoto wa kwanza wa Waitara alipozaliwa, mzee alimpa jina hilo. Tangu hapo hakumwita mjukuu hata siku moja. Alimwita mama, na alipomwona akiingia aliondoa miguu njiani.

"Mbona huli?" aliuliza Eunice.

"Ninakula, mama," alijibu Robi. Na kweli alikula, hata zile alizowekewa Gati.

Kesho yake kengele ililia. Robi alisimama kando ya kitanda, na hakusema shikamoo.

"Gati!"

Vichwa viligeuka bweni zima. Blanketi lilishuka, uso wa Gati ukatokea.

"Umesemaje?"

"Nimesema Gati. Baba yako, Mzee Machage, ananiitaje mimi?"

"Robi, umeota vibaya?"

"Ananiitaje?"

Gati alijikuna kichwa. "Anakuita mama."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya jina la mama yake. Jambo hilo hata mbuzi wa nyumbani wanalijua."

"Vizuri. Basi, anayeitwa mama na baba yako, kwako wewe ni nani?"

Gati alianza kuhesabu kwa vidole. Naomi hakuweza kumngoja.

"Bibi!" alipiga kelele. "Jamani, ni bibi yake! Ee Veronika, umwamkie bibi yako!"

Vitanda vilitikisika kwa kicheko. Gati alimtazama Robi kama mchezaji wa bao anayetafuta kete aliyoachiwa na asiione. Halafu yeye mwenyewe akacheka hata blanketi likaanguka.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndoo ile pale."

Gati akaenda bombani. Hakupenda, lakini alikwenda, siku ile na siku zilizofuata, maana angeanzia wapi kumkatalia mama wa baba yake? Ijumaa mwalimu Theodosia alipita bombani kana kwamba ana safari zake, akamwona Gati na ndoo kichwani, akaendelea na njia yake. Habari ya kumvua Robi udada mkuu haikutajwa tena.

Lakini Robi alisahau kwamba mila haina upande mmoja. Alasiri moja, alipokuwa amejitenga darasani akisoma Kemia yake, Gati alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Nimekuja, bibi."

"Kufanya nini?"

"Bibi gani anamtuma mjukuu maji, kisha hamfundishi kitu? Mimi asidi na besi siambulii kitu. Nifundishe."

"Sina nafasi, Gati."

"Basi nitamwambia baba kwamba mama yake amenifukuza."

Robi alifumba macho. Mzigo mmoja umetua, mwingine umepanda. Akaanza kufundisha kwa hasira, harakaharaka, ili amalize. Lakini Gati hakuwa mtu wa kupokea maneno hivihivi. Kila sentensi aliiulizia "kwa nini?", na kwenye "kwa nini" ya tatu au ya nne Robi alikwama. Aligundua kwamba kumbe hata yeye alikuwa amekariri tu, wala hakuelewa. Siku hiyo walikwenda wote wawili kwa mwalimu Theodosia, na wakarudi tena kesho yake, na keshokutwa. Walipofika kwenye mtihani wa vitendo, mkono wa Robi ulikuwa ukifunga koki ya bureti, mrija wa kupimia asidi, kabla rangi haijazidi. Wakamaliza mitihani, wakavua sare, na mwezi wa Juni wakapelekwa pamoja kambini, Jeshi la Kujenga Taifa, kama wahitimu wengine.

Matokeo yaliwakuta huko, katika shamba la mahindi. Makuruta hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo mkufunzi wao, afande Wiliam, alisimama kwenye ncha ya shamba na simu yake, akamwita mmojammoja.

"Robi Waitara!"

"Afande!"

"Daraja la pili."

"Kemia, afande?"

"Fizikia D. Biolojia C." Aliinamia kioo, jua likimsumbua. "Kemia C."

"Tafadhali, afande, naomba urudie."

"Kwani mimi redio? C. Rudi kazini. Veronika Machage!"

Gati alikwenda akarudi taratibu, amejishika kiuno.

"Daraja la pili," alisema. "Kemia B."

"B?"

"B, bibi. Usinitazame hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Robi alifurahi, kisha akaona wivu, kisha akafurahi tena, na furaha ya pili ilikuwa na mizizi kuliko ya kwanza.

"Utasomea nini?" aliuliza.

Gati alikunja uso. Ilikuwa dhahiri kwamba swali hilo halijawahi kumpitia. "Nilikuwa nimejiandaa kufeli," alisema. "Kwa kufaulu sikupanga chochote."

"Panga upesi. Maombi ya vyuo hayamngoji mtu."

"Nyie wawili!" afande Wiliam alifoka kutoka mbali. "Mahindi hayavunwi kwa mdomo!"

Waliinua magunia yao. Gati aliingia mstari wake huku akinong'ona majina ya kozi, akiyatupa moja baada ya jingine. Robi alivunja hindi la kwanza, la pili, la tatu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa akisikiliza kama kengele imelia.