Santuri Sitini Kabatini

Ngazi zilikuwa zimemshinda Doreen, ndiyo maana akakubali kuhamia nyumba ya wazee, chumba cha chini. Hakufikiri kwamba Russell, mwanawe, angeanzia kufungasha kwenye kabati la nguo.

"Mama, humu umeweka mawe?" Russell aliuliza, akivuta sanduku lililofunikwa blanketi.

Doreen akakaa kitandani. 

Russell alikuwa na miaka arobaini na minane, akiendesha gari la kusambaza mikate. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa kelele za majukwaa, kwa hiyo aliyetaka kusema naye alimzungukia kulia. Zamani aliimba katika bendi ya Tallow Lane, yeye na Colin mpiga ngoma, rafiki yake tangu utotoni hapo mjini Hinckley, na wenzao wawili. Kwa wiki moja ya mwaka 1993 nchi nzima ilikaribia kuwajua.

Wiki hiyo santuri yao ilitoka, na Jumatano kampuni ya santuri ikawapigia simu: mambo yakienda hivi, Jumapili mtaingia katika nyimbo arobaini zinazouzwa zaidi, zile zinazosomwa redioni. Arobaini ndiyo ilikuwa mlango. Ukiingia, runinga inakuita. Ukibaki nje, hakuna anayejua kama ulibisha hodi. Doreen akaona mwana hasaidiwi kwa kukunja mikono. Alikuwa amesikia kwamba duka la santuri la pale sokoni ni mojawapo ya yale ambayo mauzo yake huhesabiwa kupanga nyimbo hizo. Ijumaa akaenda na wenzake watatu wa kiwanda cha soksi, wakanunua santuri sitini, wakazibeba kwa mifuko ya viazi huku wakicheka kama wasichana.

Wahesabuji hawakucheka. Duka dogo, wimbo mmoja, sitini kwa mchana mmoja: wakasema hapa pana mkono wa mtu, wakafuta mauzo yote ya duka lile. Jumapili familia ilikaa mbele ya redio, keki mezani. Ukasomwa wa arobaini, haukuwa wao. Walikuwa wa arobaini na moja.

Kampuni ikamwambia Russell kuna mwenzao aliyefanya ujanja. Russell akamgeukia Colin, kwa kuwa dada yake Colin alikuwa muuzaji pale dukani, ingawa Ijumaa ile hakuwa kazini. Colin alikana mpaka akachoka, akakusanya ngoma zake, akaenda zake. Bendi ikajikokota miaka kumi na mmoja mingine, wapiga ngoma sita, baa zenye watu thelathini, usingizi wa garini juu ya spika. Doreen aliwafungia sandwichi za jibini, akanyamaza. Kila mwaka alijiambia atasema wakipata nafuu. Nafuu haikuja.

Sasa Russell alikuwa amefungua sanduku. Santuri zote zilikuwa ndani ya nailoni zake, hazijaguswa.

"Ni wewe," akasema. Hakupandisha sauti.

"Ni mimi. Nilidhani nakusukuma mbele, mwanangu."

"Hata moja hukuisikiliza?"

"Ningeisikilizia wapi? Sina mashine yake."

Kicheko kilimtoka Russell, kifupi, kikafa. Akakaa sakafuni kama mtu aliyeshusha mzigo na kukuta mwingine chini yake.

"Hiyo arobaini na moja ningeisahau, Mama. Lakini Colin nilimwita mwizi mbele ya mama yake."

Doreen akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi za Krismasi zilizofungwa kwa uzi. Colin alimwandikia kila mwaka, akiuliza Russell yu hali gani, namba ya simu chini. Hizo nazo alizificha, maana kadi ingeleta maongezi, na maongezi yangefika kabatini. Ndivyo ilivyo: mzazi akificha siri moja kwa mapenzi, atahitaji ya pili ya kuifunika.

Russell alizipitia polepole. Hata kukasirika kulimchosha.

"Mpigie," Doreen akasema. "Mwambie ni mimi."

"Miaka ishirini na mitano, Mama. Naanzia wapi?" Akampa simu. "Utasema wewe. Mimi nitakaa hapa."

Akahama, akaketi kushoto kwa mama yake, ili sikio lililo hai lielekee simu. Doreen akavaa miwani, akabonyeza namba moja moja, akasikia upande wa pili kengele ikianza kulia.