Kilicho Kabla ya Lakini

Kti. Kifuniko cha mkebe wa vifungo. Halafu kimya, kile kimya cha mtu anayengoja kujua kama amesikika.

Mwanafunzi alifumbua macho gizani. Alfajiri ilikuwa bado haijapambazuka. Binti yake, Kidoti, alikuwa amelala ubavuni mwake, mguu mmoja juu ya tumbo la mama kama kawaida yake. Mkebe ule ulikaa kwenye rafu ya chumba cha mbele, na katika chumba cha mbele alilala mtu mmoja tu: wifi yake.

Vifungo vikaanza kuchakarika polepole, kama mchele unaochambuliwa.

"Wifi?" aliita kwa sauti ya chini.

"Lala, wifi, lala. Natafuta kifungo cha blauzi."

Mwanga wa simu uliokuwa ukichungulia chini ya mlango ukazimika. Sasa mtu anayetafuta kifungo anazima mwanga ili iweje? Siku nyingine Mwanafunzi angecheka, angemwambia wifi yake kwamba labda ana macho ya paka. Leo machale yalimcheza, kwa sababu leo ndiyo ilikuwa siku ya vifungo.

Katika chumba chao cha ushonaji mafundi walikuwa sita, na tangu walipoanza walikuwa na desturi moja. Jambo zito halikupigiwa kelele, lilipigiwa vifungo. Kila mtu alipewa kifungo cheupe na kifungo cheusi, akapita mezani na kudondosha kimoja kwenye kopo. Cheupe, abaki. Cheusi, aondoke. Na anayejadiliwa leo alikuwa Bibi Mkasi, kiongozi wao na mkataji wa vitambaa. Huyo ndiye aliyempokea Mwanafunzi akiwa na mimba ya miezi saba, wakati mafundi wengine walimtazama tumbo kabla ya kumtazama mikono. Kidoti alijifunzia kutambaa chini ya meza ya Bibi, na mpaka leo, miaka minne sasa, hapo chini ndipo anapocheza mchana kutwa.

Anayejadiliwa hapigi kura. Wale dada wawili wa overloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, walikuwa na Bibi kufa na kupona. Tepu alikuwa dhidi yake, na wifi, fundi mwenzao, alikuwa na Tepu, maana ameahidiwa kukaa yeye kwenye meza ya kukatia. Wawili huku, wawili kule. Kilichobaki ni kifungo cha Mwanafunzi.

Huyu Tepu alikuwa fundi wa suruali, ameitwa hivyo kwa ile futi isiyobanduka shingoni mwake hata siku ya mapumziko. Mdomo wake ulikuwa asali tupu. Jumatatu alimfuata Mwanafunzi kwenye meza ya pasi.

"Mwanafunzi wetu," alisema, "mimi Bibi nampenda kama mama yangu mzazi, hilo unalijua. Lakini umri umemfika. Namheshimu sana, lakini siku hizi amevimba kichwa. Tena hili sikutaka kukuambia, lakini juzi kasema kwa kinywa chake mwenyewe: 'Mtoto asikae hapa.' Muulize wifi yako kama naongopa."

Wifi alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, uzi mdomoni.

"Wifi, kasema hivyo kweli?"

"Alisema," wifi alijibu. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

Pasi ikakaa mahali pamoja mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Kidoti hakuwa na pengine pa kukaa. Baba yake alikuwa dereva, wiki tatu barabarani, wiki moja nyumbani. Bila kona ile chini ya meza, kwaheri kazi. Bila kazi, kwaheri darasa la jioni, lile lililompatia jina la Mwanafunzi na ambalo alilivalia viatu vyake vizuri kuliko vyote.

Tangu siku hiyo kila alichofanya Bibi kikabadilika rangi. Jumatano Mwanafunzi alimkuta amemsimamisha Kidoti ukutani anampima: mgongo, kiuno, mpaka magotini. Alipomwona mama mtu, akaikunja ile karatasi ya vipimo na kuitia mfukoni.

"Unampima nini, Bibi?"

"Kazi yako imekwisha?" Bibi alijibu kwa ukali wake wa kila siku, akashika mkasi.

Alhamisi ilikuwa zamu ya darasa. Walikuwa wakisoma tamthilia ya Warumi wa kale waliyokusudia kuiigiza, na mashuka meupe ya maseneta yalikuwa yakishonwa katika chumba cha ushonaji cha kina Mwanafunzi. Ndani yake kulikuwa na seneta mmoja kijana anayeshawishiwa afunge mlango wa baraza huku mlezi wake yuko nje, mikononi mwa adui zake. Mwanafunzi alipewa aisome sehemu ya huyo kijana, na kila aliposoma alitamani kumzaba kibao.

"Nani ameona silaha katika onyesho hili?" mwalimu aliuliza.

Wanafunzi wakafunua kurasa kutafuta kisu.

"Hesabuni mara ngapi mshawishi anasema 'lakini'. Kilicho kabla ya 'lakini' ni shuka. Mkono wenye kisu uko nyuma yake."

Mwanafunzi aliyaandika hayo kwenye daftari. Chini yake akaongeza swali lake mwenyewe, kwa herufi ndogo: Kwa nini hakumuuliza mlezi mwenyewe?

Asubuhi hii ya Ijumaa alimkuta Tepu amejitupia shuka la seneta begani, kopo mkononi.

"Njooni, Warumi! Njooni mdondoshe!"

"Vua hilo shuka," dada mkubwa wa overloki alimwambia. "Umefanana na kitanda cha hospitali."

"Na uangalie," mdogo wake akadakia, "kifungo hicho cheusi kisije kikawa kifungo chako kweli, cha miaka saba."

Walicheka, Tepu akacheka kuliko wote. Bibi Mkasi hakucheka. Alikaa kwenye benchi la dirishani, mikono mapajani, bila mkasi. Mwanafunzi hakuwahi kuiona mikono ile ikiwa mitupu. Chini ya meza, Kidoti alikuwa akipanga vipande vya vitambaa kwa rangi, hana habari na dunia.

Tepu akadondosha. Ta. Wale dada wakadondosha. Wifi akapita, mkoba ameubana kwapani kama mtu aliyeficha yai, kifungo chake kikagonga ukingo wa kopo kabla ya kuingia. Kisha ikawa zamu ya Mwanafunzi.

Tepu alimsogelea sikioni. "Mimi sikulazimishi, dada yangu. Lakini mfikirie mtoto."

Lakini. Hiyo ilikuwa ya nne tangu Jumatatu.

Mwanafunzi akageuka, vifungo vyote viwili vimepata joto kiganjani.

"Bibi, naomba nikuulize."

"Uliza, mwanangu."

"Ulisema mtoto asikae hapa?"

Bibi alimtazama Tepu, kisha akamtazama wifi, na hapo akakawia kidogo.

"Nilisema," alijibu. "Waliokuletea maneno hayo, wamekuletea na pindo lake?"

Ndivyo alivyokuwa, hakujua kujitetea. Hata mteja akimsingizia kuharibu nguo, yeye huishika nguo na kuishona upya.

"Si umesikia?" Tepu alisema. "Kakiri mwenyewe."

Lakini Mwanafunzi alikuwa fundi. Kitambaa kinachochomoza nyuzi ukingoni alikijua: hakikuishia pale, kimekatwa. Alilipima lile neno, mtoto asikae hapa, na kila alipolishika ukingo, nyuzi zilimbaki vidoleni. Hapa wapi? Kwa nini? Huenda anakosea. Huenda Jumatatu ijayo atakuwa njiani na mtoto mgongoni, anabisha hodi milango ya watu. Akapiga moyo konde, akakiinua kifungo cheupe juu ili kila jicho lione, akakiachia.

Ta.

"Umejimaliza, dada," Tepu alisema, shuka likimteleza begani. "Umemchagua anayemfukuza mwanao."

Hapo wifi akashindwa. Akaufungua ule mkoba, akatoa mto mdogo wa kukalia, mgongo na kiuno vimekatwa kwa kipimo, kila pembe kifungo chekundu kutoka kwenye mkebe wa nyumbani. Uzi wa kifungo cha nne ulikuwa bado unaning'inia. Akauweka mezani. "Bibi aliukata, mimi alinipa niushone," alisema, akajifunika uso kwa viganja.

"Hiki nacho nini?" Tepu aliuliza.

Kidoti alichungulia, akatoka chini ya meza na vipande vyake vya vitambaa, akauvuta ule mto kifuani kwa mikono miwili.

"Bibi alisema nisikae hapa chini nitachomwa na pini, nikae juu ya mto."